Kuimarisha breki za Subaru Impreza ya zamani kwa milima ya Mbeya na Iringa

Breki za gari la kasi kwenye nyanda za juu kusini hazishindwi kwa sababu hazina nguvu ya kukamata. Zinashindwa kwa joto. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu megajuli 0.54, na hiyo ndiyo inayogeuka joto ukilisimamisha mara moja. Gari hilohilo likishuka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo linaachia megajuli 1.37, yaani kama kulisimamisha kutoka kilomita 100 mara mbili na nusu. Sasa toka milima ya Uporoto, juu ya mita 2,000, teremka Tukuyu hadi Kyela iliyo karibu na mita 500: piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara 38. Injini ikishikilia kwa gia ndogo inabeba sehemu, upinzani wa hewa unabeba kidogo, na kinachobaki kinaingia kwenye diski. Mteremko wa Kitonga, upande wa Iringa, ni mfupi zaidi, lakini huko unashuka nyuma ya malori, mwendo ni mdogo na upepo wa kupoza hakuna.

Mwongozo huu ni wa Impreza WRX na Forester zenye turbo za miaka ya 1990 hadi katikati ya 2000, zile za bolti tano kwenye duara la milimita 100. Mwenye Altezza au Chaser atafaidika na karibu kila kitu isipokuwa vipimo vya spea.

Kwanza jua zinavyoshindwa

Usinunue kitu kabla ya kusoma pedali. Pedali ikiwa ngumu, mguu unakanyaga kwa nguvu zote, gari halisimami na harufu ya kuungua imejaa, basi pedi zimepita joto lake. Pedali ikiwa laini na kuzama hadi sakafuni baada ya mteremko, kisha ikarudi kawaida gari likipoa, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Hizi ni shida mbili tofauti na dawa zake hazifanani. Ukimwekea kalipa kubwa mtu ambaye mafuta yake yana miaka mitano, atashuka na kalipa kubwa zenye mvuke.

Pedali inayozama polepole ukiwa umesimama kwenye foleni, gari likiwa baridi, na mafuta hayavuji nje, ni masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) inayopitisha ndani. Gari linalovuta upande mmoja lina pistoni au pini iliyoganda, au mpira wa breki uliovimba ndani unaokataa kurudisha mafuta. Usukani ukitetemeka unapofunga breki, usikimbilie kusema diski imepinda. Mara nyingi ni mabaki ya pedi yaliyoganda bila usawa juu ya diski, na yanapatikana hasa kwa dereva anayeshuka mlima mrefu kisha akasimama chini, pale kwenye kizuizi au mzani, mguu ukiwa umebana pedali na diski ni za moto. Ukisimama tumia breki ya mkono kidogo au kizuio cha tairi, achia pedali.

Kuna jambo la huku juu ambalo fundi wa pwani halimsumbui. Busta, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedali, inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyonyonywa na injini. Usawa wa bahari hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, ni karibu 82. Kwa hiyo busta nzima kabisa itakusaidia pungufu kuliko ilivyokuwa Dar es Salaam, na busta iliyochoka utaihisi haraka. Ipime hivi: injini ikiwa imezimwa kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu, endelea kuikanyaga, washa injini. Pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, angalia mpira wa upepo na vavu yake ya njia moja. Kwenye gari la turbo vavu hiyo ikifa, msukumo wa turbo unaingia kwenye busta na msaada unatoweka.

Mafuta na mipira kabla ya chochote

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji yanashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hivyo ndivyo viwango vya chini vya kila daraja. Chapa nzuri zinavuka. DOT 4 au 5.1 zote zinachanganyika na zilizomo. DOT 5 bila ".1" ni ya silikoni, haichanganyiki na haina kazi kwenye gari lako lenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki), hata muuzaji aseme ndiyo ya juu zaidi kwa kuwa namba ni kubwa.

Mafuta haya yanavuta unyevu hewani, na ukanda wa Tukuyu hadi Kyela hauna uhaba wa unyevu. Badilisha kila mwaka, vizuri zaidi kabla ya mvua za Novemba. Nunua chupa zilizofungwa, tatu za mililita 500, si ya kupimiwa kutoka galoni iliyokaa wazi dukani. Kwa kusafisha mfumo wa zamani pekee lita moja inatosha. Ukiweka kalipa tupu utahitaji hiyo nusu ya ziada.

Mipira ya kupitisha mafuta ya breki yenye miaka 20 badilisha yote minne bila kujadiliana. Iliyosukwa kwa waya wa chuma inaipa pedali ukakamavu kwa kuwa haitanuki, lakini haipunguzi joto hata kidogo. Mipira mipya ya kawaida ya kampuni inafaa kabisa. Ukichagua ya waya, iwe na ganda la plastiki juu, maana waya mtupu unakata kila unachogusa, ukiwemo ukuta wa tairi.

Pedi na diski

Hapa ndipo pesa inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine. Kwenye ukingo wa pedi tafuta herufi mbili zinazofuatana: ya kwanza ni ukamataji wa kawaida, ya pili ni wa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Unataka FF au zaidi. FE inakuambia mapema kwamba ikipata moto italegea, na sisi ndio tuna mlima. Pedi isiyo na herufi yoyote, namba ya kundi wala jina la mtengenezaji, iache hapohapo juu ya meza.

Upande wa pili, usiweke pedi za mashindano. Zinataka joto ndipo zikamate, na asubuhi ya Juni au Julai ukitoka Uyole gari likiwa na ubaridi wa usiku, kituo cha kwanza cha daladala utakipita. Pedi za barabarani za daraja la juu, za nusu metali, ndizo za mazingira haya.

Diski ya mbele ya WRX ni milimita 277 au 294 kwa kipenyo, unene 24, na mwisho wa matumizi ni 22. Pima kwa maikromita sehemu nane kuzunguka, si moja. Tofauti ya unene ikizidi sehemu mbili za mia za milimita (0.02), utaisikia kwenye pedali. Kumpelekea fundi wa leithi achonge inawezekana ikiwa baada ya kuchonga itabaki juu ya 22 kwa nafasi, ila kila unachochonga ni chuma kilichokuwa kikibeba joto. Kwa gari la kushuka milima diski mpya nzito ni bora kuliko ya zamani iliyonyooshwa.

Za kutobolewa matundu zinapendeza nyuma ya rimu wazi. Kwa joto la kurudiarudia nyufa huanzia kwenye matundu hayohayo. Diski zisizo na matundu, au zenye mifereji ukipenda, ndizo za kufunga.

Kalipa za pistoni nne

Ukishafanya hayo na bado unataka zaidi, hatua inayofuata inayoeleweka ni kalipa za Subaru za pistoni nne zinazotumia diski ya 294. Zilikuja kwenye STi (Impreza za daraja la juu la kasi) za nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kwenye WRX nyingi za GDA, yaani kizazi cha pili cha Impreza, za soko la Japani. Zinafunga kwenye matundu yaleyale ya mbele ya Impreza, Legacy na Forester bila breketi ya kuchonga. Faida yake ya kweli ni pedi kubwa, diski kubwa kuliko ile ya 277, na mwili wa kalipa usiojongea, hivyo hakuna pini za kukwama kwa vumbi. Kama tayari una pistoni mbili na diski ya 294, utakachopata ni kidogo kuliko unavyoambiwa.

Kalipa za Brembo, zile za STi za baadaye, zinataka diski ya 326 na rimu ya inchi 17. Kwa matumizi ya barabarani ni gharama nyingi kwa faida ndogo, na tairi za inchi 17 zenye ukuta mfupi hazielewani na barabara za kuingia mashambani.

Ukienda kununua za mtumba, iwe soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, au ukiagiza Dar es Salaam zije na basi, kagua haya. Rangi nyekundu si ushahidi. Kuna za pistoni mbili zilizopakwa rangi. Chungulia: pistoni ziwe mbili kila upande wa diski. Hakikisha umepata ya kushoto na ya kulia, si mbili za upande mmoja. Nipo za kutolea upepo lazima zikae juu kalipa ikiwa mahali pake. Vua mpira wa vumbi wa pistoni moja na utazame ukuta wake: madoa ya kutu yaliyochimbika maana yake pistoni mpya. Jaribu kila nipo kwa spana ya milimita 10 mbele ya muuzaji. Iliyovunjikia ndani ni kazi ya kutoboa.

Na kabla ya kulipa, jua rimu yako. Ya inchi 15 haipiti. Ya inchi 16 nyingi zinapita, nyingine spoku zake zinagonga uso wa kalipa. Zungusha rimu kwa mkono na uache nafasi isiyopungua milimita 3. Ukilazimika kuweka kipande cha kusogeza rimu nje, kiwe cha kushika kitovu cha milimita 56.1, na nati ziendelee kushika uzi wa kutosha. Kupanga washa kwenye bolti za tairi kusiitwe suluhisho.

Kufufua kalipa

Usifunge ya mtumba bila kubadilisha mipira ya ndani (sili za pistoni). Weka kipande cha mbao cha milimita 20 katikati, puliza upepo wa kompresa kwa kiasi kidogo kupitia tundu la mpira wa breki, na ubao uzuie pistoni moja isiruke nyingine zikiwa bado ndani. Vidole vikae mbali. Pistoni ikitoka kwa upepo inavunja mfupa.

Toa mipira kwa kijiti cha mbao au plastiki, si bisibisi, kwa sababu mkwaruzo kwenye mfereji ndio njia ya mafuta kuvuja. Safisha kwa spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Petroli, dizeli na oili ya injini ni marufuku: mipira ya breki inavimba ikiguswa na mafuta ya petroli, na tatizo halitaonekana leo bali baada ya wiki chache, kalipa ikishindwa kuachia. Vivyo hivyo grisi nyeusi ya bearingi isiingie humu. Tumia ya mpira wa breki au pakaza tu mafuta ya breki mapya. Pistoni irudishwe kwa kidole gumba, ikiwa imenyooka. Ikikataa, itoe na uanze tena. Usifungue bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa. Hakuna unachotafuta humo.

Kufunga

Gari kwenye sakafu ngumu, tairi za nyuma zimewekewa vizuizi, stendi chini ya fremu. Tofali la bloku linapasuka bila taarifa. Vumbi la pedi za zamani lioshe kwa maji au kisafishio, usilipulize, huenda lina asbesto.

Bana mpira wa zamani usimwage mafuta yote, au weka plastiki chini ya kifuniko cha chupa ya mafuta. Chupa isikauke: hewa ikiingia kwenye pampu ya ABS utatafutana nayo. Fungua bolti mbili za kichwa cha milimita 17 nyuma, kalipa ya zamani itoke. Diski ikigoma, kuna matundu mawili yenye uzi; ingiza bolti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Punje ya kutu hapa inazidishwa ukingoni mwa diski. Funga diski kwa nati mbili za tairi na upime myumbo kwa geji ya saa. Chini ya 0.05 ni safi. Ukizidi, izungushe tundu moja na upime tena kabla ya kulaumu diski.

Bati la kukinga vumbi huenda likahitaji kupindwa kidogo kwa diski ya 294. Wapo wanaoling'oa kabisa ili hewa iingie. Kwa gari la lami tupu, sawa. Kwa anayepita barabara za kokoto, libaki, na aangalie tu kijiwe kisinase katikati.

Bolti za kalipa za pistoni mbili na nne kaza kwa Newton-meta 80. Bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga mpira wa breki kwenye kalipa, ni 18 tu, na washa mbili mpya za shaba, moja kila upande wa banjo. Hapa watu hukaza kwa hasira na kuivunja. Nipo ni 8. Nati za tairi 90 hadi 100, gari likiwa chini. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho na uone mpira hauguswi na tairi wala springi.

Kutoa upepo

Weka kwanza kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta silinda ya miaka 20 ina sehemu ya mwisho ambayo pistoni yake haijawahi kufika, kuna kutu na uchafu; ukikanyaga hadi mwisho mpira wake unapita pale na kuchanika. Wengi wameua masta silinda siku waliyofunga breki mpya, kisha wakalaumu kalipa.

Kalipa tupu ijaze kwa uzito wa mafuta yenyewe: fungua nipo, subiri idondoke bila povu, funga. Ndipo watu wawili waanze. Kwa Subaru hizi mfumo umegawanywa mshazari, na mpangilio ni mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Si ule wa kuanza na gurudumu la mbali. Mpira wa wazi uzame kwenye chupa yenye mafuta. Anayekanyaga aseme "chini" na abaki chini, wewe fungua robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Ukifunga baada ya kuachia, unavuta hewa ndani na mtakesha. Kalipa yenye nipo mbili itolewe zote. Ongeza mafuta kila baada ya mikanyago sita hivi.

Pedali ikiwa bado laini baada ya lita nzima, angalia kama kalipa hazijabadilishana pande, kwa maana nipo zikiwa chini hewa inabaki juu daima. Kama zipo sawa, nenda kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa, kanyaga mpaka ABS ifanye kazi mara tatu, rudi utoe upepo upya. Mafuta yaliyomwagika kwenye rangi yaoshwe kwa maji papo hapo.

Kuzoesha pedi

Tafuta sehemu tambarare. Kwa Mbeya, ukishamaliza vilima vya Inyala, tambarare ya Igurusi hadi Chimala asubuhi na mapema inafaa, nje ya vijiji vyenye kibao cha 50, kwa sababu kushukashuka mwendo mbele ya tochi ya trafiki ni maelezo marefu. Kutoka kilomita 60 hadi 10 mara nane hadi kumi, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki. Harufu kidogo ni kawaida. Ukiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye mteremko, utaunguza uso wa pedi mpya na kubaki na uso mgumu kama kioo usiokamata.

Masta silinda na nyuma

Pedali ikiwa nzima lakini safari yake imekuwa ndefu kuliko unavyopenda, tafuta masta silinda ya inchi 1 na 1/16 badala ya inchi 1. Namba imechapwa ubavuni. Eneo linaongezeka asilimia 13 hivi: pedali inakuwa fupi na ngumu zaidi. Kwa busta iliyochoka huku juu, usifanye.

Nyuma weka pedi za daraja lilelile la mbele na uache hapo. Ukitaka diski kubwa za nyuma, pima kwanza ngoma ya breki ya mkono iliyo ndani ya diski: nyingi ni milimita 170, za magari ya Brembo ni 190, na haziingiliani.

Baada ya kilomita 100 kagua tena bolti za kalipa na dalili za unyevu kwenye banjo. Kisha shuka mteremko unaoujua kwa gia ileile uliyopandia, ukikanyaga kwa nguvu kwa sekunde chache kutoka 60 hadi 45 na kuachia kabisa, si kuburuza mguu njia nzima. Chini, paki kando na upime diski zote mbili za mbele kwa kipimajoto cha mwale. Pande zikitofautiana zaidi ya nyuzi 50, upande wa moto una pistoni isiyoachia, na kalipa hiyo irudi mezani.